Mabehewa Sitini na Nane

Njiani kuna joto. Hilo sibishi.
Kutoka Gällivare mpaka daraja la pili
hita inapuliza kama pumzi ya ng'ombe,
vidole vyangu vinanirudia kimoja kimoja,
na Elle-Marit, kiti cha nyuma, anavua kofia.

Kisha kizuizi cha reli kinashuka.
Taa mbili nyekundu zinapokezana,
gari linasimama, injini inanguruma chini chini,
na upepo wa kwenye matundu ya dashibodi
unageuka:
baridi ya pishi, baridi ya chuma,
baridi ya nje iliyokata tiketi ya kuingia.

Treni ya madini haina haraka.
Mabehewa sitini na nane. Binti yangu huyahesabu,
na kila yakitimia kumi hupumua nje, apime.
"Moshi, mama. Sasa moshi mzito."
Waliosema palipo moshi pana moto
hawakuwahi kusimama hapa mwezi wa Januari,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
moshi ukiwatoka vinywani
na moto haupo popote.

Nikikanyaga mafuta, joto linarudi.
Nikiachia, linaondoka,
kama mgeni anayekaa tu ukimchekea.

Kaka yangu Henning, kwa simu, kutoka Luleå:
"Thamostati. Siku zote ni thamostati."
Nikanunua. Krona mia tano na hamsini.
Nikaifunga mwenyewe, nikachubua kifundo cha kidole,
na kesho yake, relini, baridi ileile.
Sijamwambia.
Anafurahi akiwa sahihi,
na furaha nyingine hana siku hizi.

Jumapili nikafungua boneti.
Mipira miwili inaingia ukutani nyuma ya injini,
mapacha, wa kwenda na wa kurudi.
Nikaishika. Mmoja uliniunguza.
Wa pili ulikuwa mkono wa maiti.
Basi maji ya moto yanafika mlangoni, hayapiti.
Kuna kitu kimekaa humo.
Hewa.
Hewa tupu, isiyojaza hata kijiko,
imeketi juu ya bomba kama mwenye nyumba,
na pampu, ikizunguka polepole,
haina ubavu wa kumwambia ondoka.

Lakini iliingilia wapi?
Nilikuwa nimeongeza maji mara mbili tangu Oktoba
nikajiambia ni uzee wa gari.
Chururu si ndondondo, sawa,
ila ndondondo nayo hufika.
Elle-Marit akalala chali juu ya boksi la kadibodi,
tochi mdomoni, buti zake zikichungulia nje.
Chini ya pampu akaona gamba la kijani,
upana wa sarafu, kama chumvi.
"Mama, lililia. Halafu machozi yakakauka."

Torvald Keskitalo alituazima gereji yake yenye joto
kwa kilo mbili za nyama ya kulungu
na sharti nisiguse redio.
Siku nzima. Boliti moja ilikataa mpaka nikaitukana.
Pampu mpya, maji mapya,
kisha tukalipandisha gari pua juu kwenye tuta la theluji,
mfuniko wazi, hita mpaka mwisho,
tukasimama tukitazama shimo la rejeta
kama watu wanaosubiri chai.

Blup.
Kimya kirefu.
Blup, blup.
Mwenye nyumba akatoka kwa mikupuo,
bila kuaga, maji yakashuka nusu kidole.
Nikaongeza. Nikashika ile mipira: moto, na moto.

Jumatatu kizuizi kikashuka.
Tukasimama, injini chini chini,
na joto likabaki nasi, halikuomba chochote.
Kumi. Ishirini. Elle-Marit akapumua nje:
hakuna kitu.
Akakigeukia kioo cha pembeni
ambacho majira yote ya baridi kilishika barafu kwa ndani,
ambamo kwa ukucha alikuwa akichora jina lake.
Kilikuwa kikavu, safi, kikionyesha nje tu.
"Sasa nitaandika wapi?"

Sikuwa na jibu.
Behewa la arobaini na moja lilikuwa linapita.